Kula Iko Juu

Sentimita kumi na mbili zilininyima usingizi kwa siku tano. Wala hazikuwa zangu. Zilikuwa za pikapu ya mtu mwingine, na mwenye pikapu alikuwa akilala vizuri tu. Ilikuwa kiangazi, msimu ambao giza la Stockholm huchungulia na kuondoka, kwa hiyo nililala chali chumbani kwangu nikitazama dari lenye mwanga, nikijiuliza swali lile lile: je, nimemruhusu mtu aende akapinduke?

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa nimehitimu uhandisi wa mitambo, cheti hakijapata hata vumbi. Mwenye pikapu alikuwa Mtanzania mwenzangu, mkubwa kwangu, ambaye sote tulimwita kaka. Aliunda malori Södertälje, na baada ya miaka minane alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja na mkewe. Alinunua pikapu kuukuu, na kwa kuwa barabara ya kwao inafanana zaidi na mto uliosahau maji, aliiinua. Aliweka vipande vya chuma kati ya ekseli na springi, ikapanda zile sentimita kumi na mbili. Ilisimama kwenye maegesho ya Vårby gård, nje ya nyumba yao, kama mtu aliyekunja suruali avuke dimbwi.

Pikapu hiyo ingevuta trela Jumamosi hadi bandari ya Göteborg, na vyote viwili vingepakiwa melini Jumatatu. Ndani ya trela kulikuwa na cherehani sita za chuma na miguu yake, alizozikusanya shemeji moja moja kwa miaka yote ile ili akafungue darasa la ushonaji. Miaka yao minane ilikuwa hiyo: cherehani sita, zikishikiliwa na kula moja.

Kula, kwa Kiswidi, ni tufe lile la chuma nyuma ya gari ambalo trela hulishika. Sisi nasi tulisema kula, maana Kiswahili chake hakuna aliyekijua, na mmoja aliyedai anakijua alisema ni kitovu.

Jumapili kabla ya safari walitualika pilau ya kuagana. Katikati ya chakula kaka akanigeukia.

"Mhandisi, pikapu nimeshaiinua. Trela itavutika?"

Mdomo ulikuwa umejaa. Nikasema, "Haina neno."

"Basi," akasema rafiki yetu Mkenya, aliyefanya usafi wa ndege kule Märsta. "Injinia amepitisha. Sisi wa mifagio tuseme nini?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika stesheni ya tatu, kwenye treni ya kurudi kwangu, kicheko kikaisha.

Trela ile ilitengenezwa ivutwe ikiwa sawasawa, kama meza. Pikapu ikiinuka, kula inainuka nayo. Na kula ikiinuka, pua ya trela inatazama juu na mkia unainama. Uzito nao una tabia ya wageni wa harusi: wakisikia chakula kiko upande ule, wote wanahamia huko. Mzigo ukiegemea nyuma ya magurudumu, trela inakuwa nyepesi mbele, haiikandamizi tena kula, na trela ya namna hiyo ikishika kasi huanza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto, mpaka yenyewe ndiyo inayoendesha gari. Hapo sijataja kwamba pikapu iliyoinuliwa nayo hulala zaidi kwenye kona. Nililitaja hilo kwenye ukurasa wa saba wa michoro niliyokuwa nikiichora usiku. Ilifika kurasa kumi na moja.

Nikajaribu pia kwa kiberiti na penseli. Kiberiti kilianguka. Nikajiambia kiberiti si trela. Halafu nikajiuliza, kwa nini si trela?

Lakini mimi nilikuwa nani? Yeye alikuwa ameunda malori miaka minane; mimi nilikuwa nimeyachora. Na neno lilikwisha kutoka mbele ya watu. Nikilirudisha, wataniona mhandisi wa kubabaisha. Nisipolirudisha, huenda wasinione tena, wao.

Jumatano niliingia kwenye kibanda cha simu. Akapokea shemeji.

"Shemeji, kaka yupo?"

"Yuko kazini. Mbona unahema?"

"Mwambie kula iko juu mno. Ishushwe kabla ya Jumamosi."

Shemeji alikuwa mtu wa Tanga, na Kiswahili kwake kilikuwa ukumbi wa mama yake; huingii na viatu.

"Kula *kuko* juu," alisema polepole. "Umekaa sana na Wakenya, wewe."

"Hapana, shemeji. Kula iko juu. Iko."

"Haya, iko. Usijisumbue na kaka yako, nitashusha mwenyewe leo leo."

"Mwenyewe? Ni kazi nzito."

"Shemeji, cherehani hizi zote nilizipandisha ngazi mimi."

Nikaweka simu chini. Ijumaa nikapiga tena.

"Mlishusha?"

"Tumeshusha. Tena nimeiweka nyuma kabisa, chini."

Kula bila shaka hukaa nyuma. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikalala kama gogo.

Jumamosi asubuhi nilitoka kwenye treni pale Vårby gård nikiwa mwepesi, nimebeba maua ya kuaga. Nikaliona kundi la watu kwenye maegesho. Kisha nikaiona trela. Pua yake ilikuwa imeelekea mbinguni, mkia karibu na lami, na kula iko pale pale ilipokuwa Jumapili.

"Shemeji," nikasema, "si uliniambia mmeshusha?"

"Si ile pale?" Akanionyesha ndani ya trela. "Vya kula vyote. Katoni za sukari, maziwa ya unga, makopo ya samaki. Vilikuwa mbele, juu ya cherehani. Uliposema kula iko juu, nikasema kweli, vitaangukia mashine. Nikavishusha, nikavipanga nyuma."

Nilitazama katoni. Kwa msaada wangu wa simu, mama wa watu alikuwa amehamisha uzito wote uliobaki mbele akaupeleka mkiani.

Dua ilikwisha kusomwa. Kaka akawasha gari, shemeji akapanda, wakaanza mzunguko mmoja wa maegesho ili kila mtu apunge mkono. Kwenye kona ya kwanza trela ikayumba. Kwenye kona ya pili ikayumba zaidi, na ikachelewa kutulia.

"Tazama," akasema Mkenya, "hata yenyewe inatuaga."

Watu wakacheka. Nikahesabu mambo ya kufanya. Ningeweza kumwandikia barua aikute bandarini. Ningeweza kumwambia aende polepole. Ningeweza kuwa nimekosea mara ya pili, sasa hivi, kwa kudhani kwamba nilikosea mara ya kwanza. Wakati nafikiria la nne, miguu yangu ilikuwa imeshanifikisha kwenye mlango wa maegesho, na pikapu ilikuwa mbele yangu.

Kaka akafunga breki, akatoa kichwa. "Mdogo wangu, wanaoaga wako pembeni."

"Kaka, zima gari."

"Meli ni Jumatatu."

"Najua. Nilisema haina neno, na nilisema nikiwa na pilau mdomoni. Ina neno."

Kaka akazima gari. "Neno gani?"

Kurasa kumi na moja zilikuwa mfukoni. Sikuzitoa. Nilimwomba shemeji ile mizani yao ya bafuni, ikafukuliwa chini ya mablanketi. Tukaitoa trela kwenye kula, tukaegemeza pua yake juu ya gogo, gogo juu ya mizani. Kaka akainama kusoma.

"Kilo kumi na moja."

"Pua inatakiwa ikandamize hamsini, na zaidi kidogo."

Aliyeunda malori hakuhitaji michoro. Alikwenda nyuma ya trela, akaitazama kwa jicho moja kama fundi anayekagua ubao, akarudi.

"Na mimi nilijua," alisema kwa sauti ya chini. "Nikasema, kama msomi hakuona kitu, huenda macho yangu yamezeeka."

"Mimi nikasema, kama fundi hajasema kitu."

"Kwa hiyo tulikuwa tunaangaliana."

Akavua koti, akamwomba shemeji asimamie katoni zikirudi mbele na cherehani zisogezwe juu ya magurudumu. Shemeji akaanza kuwapanga watu. Mimi nilikuwa nimeona kwamba chuma kinachobeba kula kina umbo la kidato cha ngazi, nacho kilifungwa kikipanda juu. Ukikigeuza juu chini, kula inashuka karibu kiasi kile kile pikapu ilichopanda. Nikamwomba kaka spana, nikatandika gazeti chini, nikalala chali chini ya pikapu na shati langu jeupe la kuagia, nikaanza kulegeza nati ya kwanza.