Profesa na Minyoo Yake

Shemeji yangu ni fundi redio, na mtaa mzima unamwita Profesa. Wanamcheka, ila yeye analivaa jina hilo kama koti jipya. Kibandani kwake redio zimefumuliwa matumbo, moshi wa risasi ya kuchomelea nyaya unakupiga puani, naye anajaribu spika huku akisikiliza vipindi. Kipindi kikinoga, anachomoa waya aendelee kuchomelea. Elimu yake yote ni ya nusu kipindi.

Siku moja nilikuwa kwa mdogo wangu, ambaye ndiye mkewe, Profesa akaingia kifua mbele.

"Mmesikia? Minyoo ya tumboni inatoa vifuko vidogo mno, hata hadubini ya kawaida haivioni. Vinaingia kwenye chembe za kinga, vinazituliza. Ndiyo maana siku hizi sipigi chafya!"

"Na hiyo minyoo inakula nini, shemeji?"

"Shemeji, wewe unapenda ubishi tu."

Loo! Kipindi hicho cha redio hata mimi nilikisikiliza, tena mpaka mwisho. Mtaalamu alisema vifuko hivyo ni ujanja: askari wa mwili wasinzie, minyoo inyonye damu kwa raha zake. Profesa alikuwa ameshachomoa waya.

Nikamwambia. Akacheka. Vidonge vya minyoo alivyoleta mhudumu wa afya akavitupa chooni, vyake na vya binti yake, eti mtoto ana pumu, minyoo itamsaidia. Mdogo wangu hana kauli mbele ya mume yule. Nilimchukia Profesa siku ile, na sijaacha.

Mtoto akatulia kweli. Akaacha kukimbia, akaacha kucheza, akawa anashinda kizingitini, viganja vyeupe, akibandua udongo wa ukutani na kuula.

"Mnaona? Pumu kwisha!" Profesa akatamba.

Siku moja mtoto akaanguka shuleni. Hospitali wakasema ni safura ya minyoo, damu imepungua mno, aongezewe haraka la sivyo tutampoteza. Mdogo wangu akaangua kilio. Profesa akakunja mkono wa shati mbele ya watu wote.

"Mimi ndiye baba. Toeni kwangu."

Muuguzi akamtoboa kidole, akapima, akamtazama kwa huruma ambayo mimi nisingempa.

"Baba, wewe mwenyewe damu haitoshi. Kaa pembeni, utatibiwa."

Nikampita, nikanyoosha mkono wangu. Damu yangu ikapimwa, ikakubali.

Mtoto alipofumbua macho, akauona ule mfuko mwekundu juu yake.

"Mama mkubwa, ni baba kanipa?"

Profesa alikuwa pale pale kwenye benchi, anasikia.

"Hakuwa nayo," nikamjibu.