Siku Swila Alipogeuka

Nilipokuwa mtoto kule Myanga, sikuogopa fisi wala chui, maana sikuwahi kuwaona. Niliogopa kinyonga. Cheka ukitaka, lakini wewe hukulelewa na Kukhu, mama yake baba yangu. Kukhu alitufundisha kwamba hapo zamani kinyonga alimkuta mtu akila mlangoni pake, akaomba chakula, akafukuzwa, naye akamlaani yeye na kizazi chake wafe. Kisha akamwomba nyoka, nyoka akampa. Ndiyo maana nyoka huvua gamba na kuanza maisha upya, na sisi tunazikwa. Kwa hiyo kwetu hakuna aliyekula akiwa amekaa mlangoni. Ungevutwa sikio.

Nyuma ya nyumba yetu, kuelekea mtoni, kulikuwa na kichaka. Usije ukafikiria msitu wa Mlima Elgon. Kilikuwa kipande tu kilichobaki kati ya miwa yetu na miwa ya jirani, na kila kilichofukuzwa kwenye mashamba ya watu kilikuwa kimehamia humo: tumbili, kenge, nyoka. Hatukuokota kuni humo. Kukhu alisema humo mna wenyewe.

Mwaka aliozaliwa ndugu yangu Wafula, Baba aliamua kukikata apande miwa. Mdomo wa kulisha umeongezeka, alisema, na kichaka hakilipi karo. Kukhu alimjibu neno moja tu, mbele yetu sote.

"Barasa, wale wa humo ndani umewatafutia wapi?"

Baba akacheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Haikuchukua muda. Kichaka kilichomwa, trekta ikalima, udongo mwekundu ukabaki wazi mpaka mtoni. Kenge akaanza kubeba vifaranga wetu mchana kweupe. Tumbili wakamaliza mahindi machanga. Kisha jioni moja, tukila ugali na mrenda, kinyonga akaja uani akitembea pole pole, na ule mguu wake unaosita hewani kabla ya kukanyaga, mpaka mlangoni. Akasimama hapo. Mama, aliyekuwa akimnyonyesha Wafula, akapiga ukelele; Baba akamsukuma kinyonga nje kwa ufagio, akarudi kwenye sahani yake. Kukhu akaacha kula. Akasema, amenyimwa.

Sijui kama unaelewa neno kama hilo linavyomkaa mtoto rohoni. Nilikuwa na hakika Wafula atakufa. Yeye ndiye mdogo, nikajiambia, kifo kitaanza na mdogo. Kila nikitoka shule nilikimbia nyumbani kumwekea sikio kifuani nisikie kama anapumua. Darasani machozi yalinitoka tu. Mwalimu akiuliza, nasema ni jino.

Ilikuwa Jumamosi, jua limeshapanda. Mama alikuwa amemlaza Wafula kwenye mkeka sebuleni, akaenda kuanika nguo. Nikaingia kumwangalia kama kawaida yangu. Karibu na miguu yake kulikuwa na kitu nilichodhani ni mshipi wa Baba. Kikainua kichwa.

Sauti haikutoka. Mkojo ndio uliotoka, nisifiche. Kukhu alinikuta nimeganda, akachungulia juu ya bega langu, akanivuta nje taratibu. Alikuwa swila, yule nyoka anayetema sumu machoni. Baba akaja mbio na jembe, Kukhu akamzuia kwa mkono. Kwake yeye, nyoka aliyeingia nyumba yenye mtoto mchanga ni mgeni. Hapigwi. Anaachiwa mlango wazi, watu wanaondoka njiani, na anaambiwa aende kwake. Alisema alimfanyia mwingine hivyo hivyo Baba alipokuwa mchanga, na ndivyo mama yake yeye Kukhu alivyofanya. Tukarudi nyuma wote mpaka kwenye ukuta wa jikoni. Mama alikuwa ameuma leso yake asilie.

"Enda kwako, mgeni," Kukhu akasema. "Hapa hatujakunyima. Enda kwako."

Na haki ya Mungu, akatoka. Alipita kando ya kichwa cha Wafula, akashuka kizingiti, akakata uani moja kwa moja kuelekea kule kulikokuwa na kichaka. Mama akaruka ndani akamnyakua mtoto. Hapo nikaanza kupumua. Nilimwona swila akifika nyasi zinapoishia na udongo uliolimwa unapoanza. Akasimama. Akainua kichwa, akatazama huku na huku, kama mtu aliyeshukia kituo kisicho chake. Kisha akageuka, akaanza kurudi kwetu.

Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini sijaona tena hofu kama ile, na siisemi yangu. Naisema ya Kukhu. Alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Sasa hapa sijui," akasema.

Hakuwa amefundishwa zaidi ya pale. Hakuna aliyewahi kumsimulia nyoka aliyeambiwa aende, akaenda, akarudi.

Baba akamkimbilia nyoka na jembe. Alimuua, lakini swila alitema kwanza. Baba akaanguka ameshika macho, akigumia. Mama akaniwekea Wafula mikononi, akapiga magoti, akamkamulia Baba maziwa yake machoni mbele ya majirani wote waliokuja mbio, mpaka pikipiki ikaja kumpeleka hospitali. Jicho moja lilipona. La kushoto halikuona tena.

Wafula hakufa. Leo ana ndevu na maneno mengi. Mimi naishi Tuwan, hapa Kitale, ambako nyumba imeegemea nyumba. Nikienda nyumbani, wazee huniambia ile ilikuwa laana ya kinyonga, nayo ikalipwa kwa jicho. Baba husema alikuwa tu nyoka mkaidi. Kukhu alikufa bila kusema lolote, na mimi sikumuuliza, kwa maana nilijua bado anaogopa. Ninachoona kila nikikumbuka ni ule udongo mwekundu na kile kichwa kikitazama huku na huku. Hakuwa mkaidi. Alitusikia vizuri kabisa. Tulimwambia aende kwake, akaenda, akatukuta sisi.