Mchezo wa Mwisho wa Mama Paulina

Ndugu zangu wa Mwanjelwa, amani iwe kwenu. Niwieni radhi, nimechelewa kuwajibu.

Leo marehemu mke wangu, Mama Paulina, amenifunga bao.

Mnakumbuka tuliuacha mchezo wetu wa bao katikati alipopelekwa hospitali. Tangu hapo nililifunika bao kwa kanga yake, sikuruhusu mtu aguse kete.

Leo amefika hapa Idodi binti wa Chuo Kikuu, anayeandika tasnifu juu ya michezo ya wazee. Amechora mashimo yote na kete zake daftarini, kisha akauliza:

"Babu, zamu ilikuwa ya nani?"

"Ya bibi yako. Ila nilikuwa namshinda."

"Samahani, babu. Angeanzia hapa, usingebaki na kete safu ya mbele; angekufunga."

Nimefuata kidole chake, shimo kwa shimo.

Nimevua kofia.

Miaka minne nimeufunika ushindi wake kwa kanga yake mwenyewe.

Barua hii anawaletea binti huyo. Mkaribisheni, ila msicheze naye bao.