Randa na Popo wa Darini

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni fundi seremala. Mtaani wanamwita Randa, kwa kuwa kila anapokaa huacha maranda ya mbao. Hana maneno mengi. Kabla hajakata boriti huigonga kwa mpini wa nyundo na kutega sikio, kama anayebisha hodi chumbani kwa mgonjwa.

Dari la chumba cha wanangu lilipoanza kubonyea, nilimwita. Humo juu wanaishi popo wadogo wenye masikio mapana. Afisa wa wanyamapori alishatuambia wamebaki wachache mno, tusiwaguse wakiwa na watoto. Mimi nilishaamua kuwa ndio wabaya wetu: kelele wao, harufu wao, uchafu wao.

Randa alipanda ngazi, akaingiza kichwa kwenye tundu la dari, akagonga boriti, kisha akaichoma kwa bisibisi. Ikazama kama kwenye mkate.

"Shemeji, popo umewasingizia." Akanishushia kipande cha boriti kilichotandwa nyuzi nyeupe kama pamba. "Hii ni kuvu. Popo anakula mbu, hali mbao. Kuvu huyu anakula nyumba kimyakimya, ndiyo maana hujawahi kumgombeza."

"Imetoka wapi?"

Akafuta bisibisi kwenye suruali. "Kwangu. Mwaka jana kaka aliniambia nizibe matundu ya hewa ili popo wahame. Nikaziba. Popo wakajitafutia ufa, hewa ikakosa pa kupita. Unyevu ukabaki humo, kuvu ikanenepa."

"Basi bomoa dari leo. Wanangu wanalala hapa chini."

"Nikibomoa leo vitoto vya popo vitaanguka. Havijajua kuruka."

"Na vyangu je, vimejua?"

Alicheka kidogo. Mimi sikucheka.

Akazibua matundu, akakata dari pembeni, mbali na popo, akapitisha nguzo na kuiegemeza boriti pande zote mbili za pale palipooza. Akagonga kabari hadi zikakaza. "Itabeba mpaka vitoto viruke, ndipo niibadilishe."

Nilikuwa nahamishia magodoro ya watoto sebuleni, macho yangu juu.

Niliporudi kuchukua shuka, nikamkuta ametandika mkeka kati ya nguzo, viatu amevipanga mlangoni.

"Watoto wakae huko huko," alisema. "Hapa nitalala mimi mpaka kazi iishe. Ikianguka, imwangukie aliyeziba."

Nikamletea mto.