Hesabu ya Entebbe hadi Toronto

Hesabu niliifanya mimi, na hadi leo sijajisamehe. Baba yangu aliendesha malori ya Arua, akatufundisha kwamba ukichukua saa ya kufika ukatoa saa ya kuondoka, umeipata safari. Kwa hiyo Januari ile ya 2009, jirani yangu Kahambu, msusi wa hapa Kansanga, Kampala, aliponionyesha karatasi ya ndege ya binti yake Blandine, nilihesabu kwa vidole bila hata kuvaa miwani. Anaondoka Entebbe Jumatatu saa mbili usiku. Anatua Toronto, kwa mama yake mdogo Bibiane, Jumanne saa mbili asubuhi.

"Mama Blandine, hiyo masaa kumi na mbili tu," nikamwambia, kifua mbele. "Basi ya Arua ikiharibika njiani, inashinda hiyo."

Kilomita zilikaribia elfu kumi na mbili. Hazikunishtua. Ndege ni ndege.

Mama na mwana walikubaliana: akitua ataazima simu, atabipu mara moja na kukata, maana yake amefika salama. Akibipu mara mbili, kuna shida.

Kahambu ana sababu ya kuogopa. Mumewe, Mumbere, alitoka kwao Butembo, Kongo, wakati wa vita kwenda Goma, safari ya siku moja, na hajafika mpaka leo. Kwake yeye, aliyechelewa ameshakufa.

Jumanne saa mbili ikapita kimya. Saa tatu pia. Alikuwa akimsuka mteja, akazivuta nywele mpaka yule mama akapiga kelele. Saa tano akaacha kichwa nusu, akavua hereni, akaketi sakafuni na kunyoosha miguu kama mfiwa. Nilimpa chai, akaisukuma. Niliogopa, nasema kweli. Nilirudia vidole tena na tena, jibu likatoka lilelile.

Saa kumi na nusu jioni simu ikalia mara moja, ikakata. Kahambu akafumba macho, akaanza kumshukuru Mungu. Ikalia tena, ikakata. Sala ikamkwama mdomoni. Ya tatu haikukata. Akapokea, nami nikasogeza sikio.

"Mama, tumetoka kwa ndege sasa hivi. Huku ni asubuhi."

Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu. Karatasi ilisema asubuhi ya kwao, si ya kwetu.

"Mama Bibiane simuoni," Blandine alikuwa akilia. "Watu ni wengi. Mama, niko na woga."

"Kaa paka hapo, mtoto wangu. Usisogee. Niko nakuya."

Anakuja, alisema, kwa Kiswahili cha kwao Butembo. Akainuka, akachukua mkoba, akavaa ndara, akatoka mbio hadi barabara ya Ggaba, simu bado sikioni. Nikamfuata. Ukingoni mwa lami akasimama, magari yakimpita, kisha akanigeukia.

"Jamilah," akaniuliza, "toka hapa ni masaa ngapi?"

Nikaficha mikono nyuma ya mgongo.