Mwanafunzi wangu pekee hapa Guangzhou kaondoka, na mimi ndiye niliyesema yuko tayari

Wakuu, salaam zenu huko mliko.

Ninayoandika yamenitokea mwenyewe, sijatia chumvi wala ndimu. Majina tu ndiyo nimebadili, maana Waswahili wa hapa tunajuana wote. Asiyeamini apite, jukwaa ni pana.

Mimi ni mwanamke, mwalimu wa sekondari kule Morogoro niliyeacha chaki nikaja China kutafuta maisha. Biashara niliyoijia ilikufa mapema, hiyo ni stori nyingine na sina hamu nayo. Sasa hivi nipo ofisi moja ya cargo huku Sanyuanli, napokea mizigo ya wateja, naipima, naibandika majina. Mizigo huanza kumiminika jioni, kwa hiyo asubuhi na mchana nilikuwa nakaa tu chumbani.

Jamani, upweke wa huku msiupime kwa picha tunazoweka status. Unashuka dukani, unaonyesha kitu kwa kidole, unaskani simu, unaondoka. Hujafungua mdomo. Ukisema upige nyumbani, asubuhi yako wao wamelala, mchana wako wao ndo wanaingia kazini. Kuna siku nilijikuta nasalimia boksi la mteja.

Chekeni tu, lakini ndiyo hali halisi.

Sasa kuna mteja wetu mmoja Mzanzibari, nimwite Baba Nasra. Ananunua nguo soko la jumla la Shisanhang anapeleka Dar. Siku moja akasikia wenzangu wananiita mwalimu kwa utani, akaniuliza kama ni mwalimu kweli. Nikamwambia ndiyo, Jiografia na Historia.

"Basi skiza dada'angu," akasema, "nina binti yangu hapa, akili anayo, lakini hajipangi. Mwache na kitabu kidogo tu, ukirudi kalala. Mwaka huu anafanya mtihani wa kidato cha nne. Akishindwa, wallahi sirudii tena, atakaa na mie sokoni yaishe."

Binti mwenyewe, Nasra, alimaliza kidato cha pili Dar, akaletwa huku kumwona baba yake likizo. Likizo ikageuka makazi. Shule za hapa ikashindikana. Mjomba wake akamwandikisha Dar kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila kusoma anasomea Guangzhou, peke yake, kwenye meza ya kulia chakula. Na mtihani lazima apande ndege akaufanyie nyumbani.

Nikakubali hapohapo. Kusema ukweli ningekubali hata kama angeniomba nimfundishe paka.

Nikaingia kwa mbwembwe za kiualimu. Nikachora ratiba kama ya shule ya bweni: asubuhi hesabu, kisha Biolojia, mapumziko, Kiingereza, mchana majaribio. Rangi nne! Nikaibandika ukutani, nikajipongeza.

Wakuu, ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Mtoto anasinzia. Namwuliza swali, anaitikia "naam" kama kaitwa na mtu wa chumba kingine. Na akiamka vizuri, simu inalia. Baba yake yuko sokoni anavutana na laoban, mwenye duka, wa magauni, anampigia video: "Nasra, mwambie huyu bei yake hatuiwezi, na zile za bluu azibadilishe." Mtoto anaegesha simu kwenye kitabu cha Biolojia, anamwaga Kichina alichookota sokoni, anamtania laoban, wanaelewana. Anakata. Mimi hapo nishasahau tulikuwa kwenye figo au kwenye ini.

Hasira zangu mnazijua mnaonifahamu humu. Siku moja nikampasulia. Nikamwambia wenzio Dar saa hizi wanakesha na past paper, wewe umeletewa mwalimu mpaka mezani unalala, hebu nenda kauze hayo magauni tujue moja.

Hakunijibu jeuri. Alisema taratibu: "Teacher, mie nishatoka huko. Naenda na baba kabla ya alfajiri, soko linapofunguliwa. Nikirudi hapa ndo nakukuta wewe mlangoni."

Loh!

Shisanhang inaamka watu wamelala na inafunga mchana. Kila Mswahili wa hapa anajua. Mimi ninayepokea mizigo ya soko hilo kila jioni nilikuwa nimemchorea mtoto ratiba ya Morogoro. Kwangu mimi shule ni asubuhi, basi, haikuniingia akilini kwamba asubuhi ya huyu binti ina mwenyewe.

Nikaichana ile karatasi na rangi zake zote. Nikamwambia alale akitoka sokoni. Tukaanza kusoma saa nane mchana, akishaswali na kula, mpaka Alasiri. Baba yake nikambana: muda huo simu isilie. Akanung'unika kidogo, lakini soko limefungwa, angempigia amwambie nini?

Usingizi ukaisha. Hamu ya kusoma bado.

Hapa walimu na wazazi mtulie. Alikuwa anapata majibu, tena mengi, lakini hafurahi. Anaandika, anafunga daftari, anatazama dirisha. Nikamwuliza una nini wewe, hesabu umepata zote.

Akaniambia, "Nikipata, namwambia nani?"

Hilo jibu nililielewa haraka kuliko somo lolote nililowahi kufundisha. Mtoto hakuwa mvivu. Alikuwa mpweke kama mimi, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nimezoea.

Tuliosoma shule za nyumbani tunajua discussion. Mnakaa kundi, mmoja anasimama ubaoni anajifanya profesa, wengine wanambishia mpaka mate yanamkauka. Hivyo ndivyo tulivyofaulu, si kwa mwalimu peke yake. Nasra hakuwa na wa kumbishia.

Nikachukua boksi kubwa ofisini, nikalipasua, tukalitundika ukutani likawa ubao. Nikamwambia kuanzia leo profesa ni wewe, mimi ni Mwanaidi, mwanafunzi wa dawati la nyuma, na sina adabu.

Nilikuwa mwanafunzi mbaya jamani! Nachelewa makusudi. Nauliza maswali ya kijinga. Akieleza damu inavyozunguka nambishia, "Mbona mimi ya kwangu imetulia?" Siku ya kwanza aliona haya. Baadaye akawa ananigombeza kwelikweli, "Wewe Mwanaidi, simama nje!" Nami nasimama koridoni, majirani Wachina wanapita wananishangaa.

Alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Na siku hizo akawa haachi somo mpaka aseme "nimewaeleza, mmeelewa?" wakati darasa zima ni mimi.

Baada ya kipindi tunapika. Wali, maharage, akipata nazi nzuri anaweka nazi. Tunaongea Kiswahili kirefu, kile cha kusengenya na kurudi nyuma na kuanza upya. Nilikuwa naenda kazini jioni nimeshiba maneno. Sikuwa nimeshiba hivyo tangu nishuke ndege.

Sasa shughuli ikaja safari ilipokaribia.

Ulikuwa msimu mkubwa, wateja wa Baba Nasra wote wanataka mzigo kwa pamoja. Akaniita sebuleni, Nasra yuko jikoni anaosha vyombo, mlango wazi.

"Mwalimu, naona tusogeze mpaka mwakani. Hajaiva huyu. Wewe waonaje? Utakalosema ndilo nitakalofuata."

Wakuu, kitu ndani yangu kilifurahi. Mwaka mzima mwingine! Ubao upo, wali upo, mtu wa kunitoa nje ya darasa yupo. Ningesema tu "ni kweli, hesabu bado," na hakuna binadamu angenilaumu. Hata mtoto angeniamini.

Nikamtazama yule mzee. Anazungushazungusha kikombe, hanitazami usoni. Nikajua naye haongelei mtihani. Akienda Nasra, nani atamsemea na laoban, nani atamwuliza kala nini?

Na jikoni maji ya bomba yalikuwa yamefungwa. Nasra anasikiliza.

Nikajikaza kisabuni. Nikasema, "Baba Nasra, mtoto kaiva. Tumwache aende. Mimi na wewe ndio hatujaiva."

Aliweka kikombe mezani. Kisha akaitikia, "Haya. Mungu amtangulie." Maji ya jikoni yakafunguliwa tena, kwa nguvu mno.

Siku ya safari sikwenda airport. Nilimsindikiza mpaka mlango wa metro na sanduku lake, akanikumbatia, akaniambia nisichelewe darasani. Nikarudi kazini kupima mizigo ya watu, nikakosea majina mpaka bosi akanirudisha nyumbani.

Kafaulu, wakuu. Daraja la pili, na Biolojia ndiyo iliyombeba. Sasa yuko kidato cha tano bweni, na bweni simu marufuku, mnajua. Kwa hiyo hatuongei mpaka likizo. Nilimwandaa vizuri mpaka hanihitaji, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nafurahi. Naumia pia, sitawadanganya.

Juzi Baba Nasra kapita ofisini hana mzigo wowote. (Wazee wa umbea, tulieni, ana mke wake Dar na tunaheshimiana.) Kakaa kwenye kiti cha wateja, kazungumza habari za mvua, mwisho kaniuliza, "Hivi hao kidato cha tano husomeshwa nini hasa?"

Nikamweleza yote ninayoyajua. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kesho atapita tena.

Nilichojifunza: kabla hujamwita mtoto mvivu au hajipangi, uliza kwanza siku yake inaanza saa ngapi na iko mikononi mwa nani. Kisha uliza akipata jibu anamwambia nani. Ratiba inakuja baada ya hapo. Na ukiulizwa kama yuko tayari, jibu kwa ajili yake, usijibu kwa ajili yako.

Nimemaliza, uwanja ni wenu, hata wa kunisema karibuni. Ila walimu wenzangu mliomo humu nina swali moja, na naomba mnijibu bila utani: wanafunzi wakishaondoka, saa nane mchana nyinyi huwa mnafanya nini?