Uso Nilioubandika Stendi

Nilipokuwa kidato cha tatu kwenye shule ya kutwa pale Newala, klabu yetu ya filamu ilitengeneza filamu ya vijana ya dakika arobaini, kwa simu mbili na kipaza sauti kimoja cha kuazima. Mimi sikuigiza. Sauti yangu ilikuwa ikikauka mbele za watu. Lakini mkono wangu ulikuwa mwepesi kwenye kompyuta, kwa hiyo nikapewa mabango na maandishi: jina la filamu, majina ya waigizaji, yale yote yanayopita kwenye kioo kabla hadithi haijaanza.

Hadithi yenyewe ilihusu msichana wa kidato cha pili ambaye mama yake ameondoka nyumbani bila kuaga. Msichana anaanza kutoroka shule, anafuatana na watu wasiomtakia mema, mwisho anarudi. Tuliiita *Mama Yuko Wapi*. Mama haonekani hata mara moja, ila kwenye picha ambayo binti anaificha ndani ya daftari, na mwalimu wetu wa klabu alitaka picha hiyohiyo ndiyo ifungue filamu na ndiyo ikae kwenye bango.

Tulimwomba mwalimu mmoja wa kike atupe uso wake. Akasema hawezi kubandikwa mjini kama mwanamke aliyetelekeza watoto. Mpishi wa shule alicheka, kisha akakataa naye. Mama yangu mwenyewe aliniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu tuonyeshe filamu.

Kazi zangu nilizifanyia kwenye steshenari moja karibu na soko. Mwenye duka alikuwa mama wa Mbeya aliyekuja huku na mumewe mwalimu. Aliniachia kompyuta baada ya masomo, nami nilimsaidia kuchapa barua za watu na kupiga picha ndogo za pasipoti, mteja akikaa kwenye kiti mbele ya shuka la bluu. Picha hizo zote zilihifadhiwa kwenye folda moja, za miaka minne: wakulima wa korosho waliokuwa wakijiandikisha ushirika, vijana wa vyuo, wazee waliotafuta vitambulisho.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni Ruvuma mpaka hatuoni upande wa pili wa barabara, na wateja hawakuja. Nikaifungua ile folda. Nilipitia nyuso nyingi kabla ya kufika kwake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, blauzi ya kijani, hakutabasamu. Macho yake hayakutazama kamera sawasawa. Yalikwenda kidogo pembeni, kama mtu aliyesikia anaitwa mlangoni. Juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu.

Nilijua kwamba picha ile si yangu. Nilijiambia kwamba nitaibadilisha kidogo, hakuna atakayemtambua, na kwamba wengi wanaopiga picha pale hutoka vijijini mbali na hawarudi. Kwenye picha za wateja tulizoea kufuta makovu ili mtu apendeze. Hili nililiacha, tena nikalitia giza kidogo, kwa sababu mama wa hadithi yetu alipaswa kuonekana ameteseka. Chini ya uso niliandika jina la filamu kwa herufi nyekundu zilizochakaa pembeni, kama rangi iliyokwaruzwa ukutani. Tarehe na mahali pa onyesho niliziweka chini kabisa, kwa herufi ndogo, maana herufi kubwa zilikuwa zikiharibu picha. Niliona nimetengeneza kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na bado naamini hivyo.

Tulichapa mabango kumi na mawili. Kumi tuliyabandika Newala: sokoni, stendi, kwenye kuta za maduka. Mawili mwalimu wetu aliyapeleka Masasi.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, mtu mmoja aliingia dukani. Nilikuwa peke yangu. Mwenye duka alikuwa amekwenda Mtwara kununua karatasi na wino. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vimeshika vumbi la salfa, kwa hiyo nikajua ametoka kupulizia mikorosho. Nilimwamkia, akaitikia marahaba binti kwa upole, akaniuliza habari za masomo. Aliketi kwenye benchi. Kisha akatoa mfukoni bango letu, limekunjwa vizuri mara nne. Alikuwa amelibandua bila kulichana. Pembe zake zilikuwa bado na gundi.

"Nani anamtafuta mke wangu?" akauliza.

Mara ya kwanza sikuelewa. Akaeleza, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mke wake aliondoka miaka miwili iliyopita. Amemtafuta kwa ndugu zake, amemtafuta mpaka ng'ambo ya mto. Jana amefika stendi na kukuta uso wake ukutani na maneno yanayouliza yuko wapi. Akaulizia, akaambiwa mabango yamechapwa hapa. Alitaka tu kumshukuru huyo anayemsaidia kutafuta.

Nilimwambia ni filamu ya shule. Nilimwonyesha tarehe ya onyesho kwa kidole. Akasoma, akatikisa kichwa. Akauliza picha imetoka wapi. Nikasema mtandaoni.

"Mtandaoni wako watu wa dunia nzima," alisema. "Blauzi hii sikumnunulia mimi. Kwa hiyo picha ni ya baada ya kuondoka." Akaweka kidole juu ya kovu. "Lakini hili nalijua."

Hakupandisha sauti. Lau angepiga kelele, nadhani ningepiga kelele nami, na watu wa duka la pili wangekuja. Alikunja bango lake, akasema atarudi Jumamosi kuzungumza na mwenye duka, akaniaga. Ilikuwa Alhamisi. Nikakaa pale pale nimeshika ukingo wa meza, nikitazama shuka la bluu.

Kisha niliifungua tena folda. Picha ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Siku hiyohiyo kulikuwa na barua iliyochapwa, ya kuomba kazi kwenye chumba kimoja cha ushonaji huko Ndanda. Jina lake lilikuwepo, na kijiji alikozaliwa, na namba ya simu. Maana yake mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti cha kompyuta ile angeweza kujua alipo kwa muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Niliipiga ile namba. Haikupatikana.

Nilifunga duka nikaenda kubandua mabango. Nilikimbia, halafu nikaogopa kuonekana nakimbia, nikatembea. Kila mwanamume mwenye shati safi nilidhani ni yeye. Sokoni nilikuta mawili, nikayang'oa kwa kucha. Lile la stendi alikuwa amelichukua yeye, lakini kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, mkabala wake, tulikuwa tumebandika jingine. Hilo hakuliondoa. Alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma: atakayemwona apige simu, na namba. Ile tarehe yetu ya onyesho alikuwa ameipiga mstari.

Nilisimama mbele ya ukuta ule nikasoma bango langu mwenyewe kama mpita njia. Uso, swali, namba ya simu. Halikuwa tena tangazo la filamu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maji kwa madumu aliniambia, "Maskini, bado hawajampata." Nikalibandua huku ananitazama.

Nilipata manane. Moja alikuwa nalo yeye, moja sikuliona tena, na mawili yalikuwa Masasi, njia ya kwenda Ndanda.

Nyumbani sikusema. Nilikuwa naogopa vitu vingi kwa pamoja na havikuwa sawa: kufukuzwa shule, kuchapwa, polisi, na chini ya vyote hivyo, kwamba mwanamke yule atauawa na mimi ndiye niliyeonyesha mlango. Chakula kilinishinda. Mama yangu aliniuliza kama naumwa, nikasema kichwa.

Alfajiri ya Ijumaa nilikwenda nyumbani kwa mwenye duka, ambaye alikuwa amerudi na basi la jioni. Nilimwambia yote, nimepiga magoti kwenye baraza lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anitukane.

"Yule dada alinilipa nimpige picha ya kuombea kazi," alisema. "Wewe umeubandika uso wake stendi." Kisha akaingia ndani kuvaa.

Aliniambia naye ana kosa, kwa kuziacha picha za watu miaka yote hiyo mahali ambapo kila mkono unafika. Alilisema hilo mara moja tu. Hatukwenda shule wala dukani; tulipanda gari la kwanza la Masasi. Masasi tulibandua mabango yote mawili, hakuna aliyekuwa ameandika juu yake. Tukapata usafiri wa Ndanda, na saa tano tulikuwa tunauliza njia ya kwenda kwenye kile chumba cha ushonaji.

Nilimtambua kabla ya mwenye duka kumtambua. Alikuwa kwenye cherehani ya pili kutoka dirishani, anashona mapindo ya shuka. Nilikuwa nimekaa na uso ule siku nyingi, nikiukuza, nikiupunguza, nikiutia kivuli, na sasa ulikuwa unapumua. Mwenye duka alimsalimu, akamwomba tutoke nje. Akasema hawezi kuacha kazi, tuseme hapo hapo. Basi tukainama karibu naye, na mwenye duka akamwekea bango juu ya shuka.

Alilitazama. Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani mpaka mshono ulipofika mwisho. Akakata uzi.

"Ameshaona?"

"Ameshaona," nikasema.

Aliuliza maswali ambayo sikuyategemea. Alikuja na pikipiki au kwa miguu? Peke yake? Alikuwa amekunywa? Amesema anarudi lini? Nilijibu moja moja. Nilipofika kwenye maneno yake juu ya kovu, alinizuia kwa mkono.

"Rudia. Alisemaje hasa?"

Nikarudia. Alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Uliniomba?"

"Hapana, dada. Nisamehe."

"Ungeniomba ningekataa."

Hiyo ndiyo sababu sikuwa nimemtafuta. Nilitaka uso usioweza kukataa.

Nilidhani atafunga vitu vyake akimbie. Badala yake alivua kipimo shingoni, akakikunja, akamwomba msimamizi ruhusa. Alituambia amekwishakimbia mara mbili, na kila mara ameacha kila kitu nyuma. Mara ya tatu hataki. Siku alipopigwa mpaka akapata kovu lile hakuna aliyekuwepo, na mume wake alikuwa amemwambia kila mtu kwamba alianguka kisimani akitoroka, na kwamba jeraha lenyewe yeye hakuwahi kuliona. Sasa yupo mtu aliyemsikia akisema analijua kovu lile. Alitaka nifuatane naye mpaka dawati la jinsia polisi Masasi, nikayaseme.

Hofu niliyokuwa nayo tangu Alhamisi ilikuwa ya kujificha. Hii ilikuwa nyingine. Nilifikiri juu ya namba ile ya simu, mwandiko ule uliotulia, na Jumamosi. Nilimwambia mwenye duka kwa sauti ndogo kwamba siwezi. Hakunilazimisha. Yule dada naye hakunisihi. Alisimama tu mlangoni akisubiri, na nikaona anasubiri kama mtu aliyezoea jibu la hapana. Nikaenda.

Askari wa kike aliandika maelezo yangu kurasa mbili. Alinisomea, nikasaini. Mkono ulikuwa umelowa jasho, jina langu likachafuka, akanipa karatasi nyingine nikasaini upya.

Jumamosi yule mtu alirudi dukani kama alivyoahidi, na askari wawili walikuwa wamekaa ndani wakisubiri. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kwenye chumba cha printa. Nilimsikia akiamkiwa, nikamsikia akiitikia kwa upole uleule. Alipotakiwa kituoni alikwenda nao bila ubishi. Akipita mlangoni alisema, si kwa hasira, "Mwambieni yule binti filamu yake nitakuja kuiona."

Kesi ilichukua muda mrefu, na haikwisha kama nilivyotaka. Alionywa, akatakiwa asimsogelee, na baada ya miezi kadhaa akahamia kwa nduguze mbali. Yule dada aliendelea kushona Ndanda karibu mwaka mzima, kisha akahama kwa hiari yake, na hakumwambia mwenye duka alikokwenda. Nadhani ni kwa sababu yangu. Alikuwa na haki.

Mwalimu wetu nilimweleza mwenyewe. Alinisimamisha klabu, kisha, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kufanya kazi ile, akanirudisha kwa siku nne nitengeneze maandishi mapya. Niliondoa uso. Picha ndani ya daftari tuliipiga upya kwa mgongo wake, karatasi nyeupe tu mkononi mwa binti. Mwanzo wa filamu ukawa kioo cheusi na jina kwa herufi nyeupe za kawaida, hazikuchakaa, hazikukwaruzwa.

Siku ya onyesho, yule mtu akiwa bado nje kwa dhamana, bwalo la shule lilijaa. Wazazi walileta mikeka, wadogo walikaa chini mbele. Niliketi kwenye benchi la mwisho kando ya mlango, na taa zilipozimwa nilikigeuzia kioo mgongo. Nilisikia watu wakicheka, nikasikia wakinyamaza, mahali fulani akina mama wakaguna. Mimi nilikuwa natazama mlangoni, dakika zote arobaini, nikimhesabu kila aliyeingia.